Tornado Hupiga Wapi, na kwa Nini Ramani Yake Hupotosha

Upande wa kusini-magharibi wa Topeka, makao makuu ya jimbo la Kansas nchini Marekani, kuna kilima kiitwacho Burnett's Mound, kilichopewa jina la Abram Burnett, mmoja wa machifu wa Wapotawatomi. Kwa miaka mingi wakazi wa mji huo walirithishana imani kwamba kilima hicho ni kinga, na kwamba tornado yoyote inayotokea upande ule itapasuka au kupinda njia kabla ya kuufikia mji. Jioni ya tarehe 8 Juni 1966, tornado ya daraja la juu kabisa ilipita juu ya kilima hicho hicho, ikateremka na kuukata mji pembe hadi pembe kuelekea kaskazini-mashariki, ikawaua watu 16 na kuliacha eneo la Chuo Kikuu cha Washburn likiwa magofu.

Imani ile haikutokana na ujinga. Mji ulikuwa umekaa muda mrefu bila kupigwa, kilima kilikuwepo muda wote huo, na watu wakayaunganisha mambo hayo mawili. Tornado ni tukio adimu mno kwa mahali pamoja: hata katikati ya Oklahoma, nyumba moja mahususi inaweza kusimama kizazi baada ya kizazi bila kuguswa. Uadimu huo ndio unaozaa dhana potofu, kwa kuwa mtu ambaye hajawahi kupigwa huanza kutafuta sababu ya kutopigwa, na sababu haikosekani. Kama si kilima, basi ni mto, na kama si mto, basi ni majengo marefu ya mjini.

Jina lenyewe pia linahitaji kuwekwa sawa, maana Kiswahili cha magazeti hutumia neno kimbunga kwa mambo mawili yasiyofanana. Kimbunga cha baharini ni mfumo wa dhoruba wenye upana wa mamia ya kilomita, hudumu kwa siku kadhaa, huonekana kwenye picha za setilaiti kikiwa bado mbali baharini, na watu hupata nafasi ya kuhama. Tornado ni safu ya hewa inayozunguka kwa kasi kubwa, iliyoshikana na wingu la radi juu na kugusa ardhi chini. Upana wake mara nyingi ni wa makumi au mamia ya mita, na maisha yake kwa kawaida ni ya dakika chache tu. Kisulisuli, kile kinachoinua vumbi na majani uwanjani wakati wa jua kali, ni kitu cha tatu: huanzia kwenye ardhi iliyopata joto, hakihitaji wingu, na ni nadra kumdhuru mtu. Anayesoma habari ya tornado huku akiwazia kimbunga cha baharini atashangaa kwa nini watu hawakuhama mapema, ilhali onyo la tornado hutangulia kwa dakika kumi na kidogo, na wakati mwingine halitangulii kabisa.

Ili tornado kali ipatikane, ni lazima mambo kadhaa yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja. Karibu na ardhi kunahitajika hewa yenye joto na unyevu mwingi. Juu yake, hewa kavu na baridi zaidi, ili ile ya chini iwe na hamu ya kupanda kama mvuke wa chungu unaotafuta upenyo. Pawepo pia kitu cha kuisukuma ianze kupanda, na, muhimu kuliko yote, upepo ubadilike mwelekeo na kuongeza kasi kadiri unavyokwenda juu. Tofauti hiyo ya upepo ndiyo inayolifanya wingu zima la radi lizunguke. Hata hivyo, mawingu mengi yanayozunguka hayazai tornado, na ni kwa sababu hiyo utabiri wake ungali mgumu kuliko utabiri wa mvua au joto.

Nyanda za kati za Marekani zina bahati mbaya ya kijiografia. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko bila kizuizi, hewa kavu huteremka kutoka nyanda za juu za magharibi na milima ya Rocky, na juu ya zote mbili hupita mkondo wa upepo wa kasi unaotoka magharibi. Nchi hiyo hurekodi takriban tornado 1,200 kwa mwaka, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote. Jina la Tornado Alley, yaani ujia wa tornado, lilianza kutumika mwaka 1952 katika kazi ya maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, ambao miaka minne kabla, tarehe 25 Machi 1948, walitoa utabiri wa tornado kwa kambi ya Tinker huko Oklahoma, na tornado ikapiga kambi hiyo jioni ile ile. Hadi wakati huo, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilikuwa imewazuia watabiri wake kwa miongo mingi kulitumia neno tornado, kwa hofu ya kuzua taharuki. Mwaka 1950 zuio hilo liliondolewa rasmi. Ni ajabu kidogo kwamba jina lililobuniwa kwa ajili ya mradi wa utafiti liligeuka kuwa mpaka vichwani mwa watu, kana kwamba kuna mstari ambao tornado haziuvuki.

Mpaka huo haupo katika sheria wala katika sayansi. Ramani zinazouonyesha hutofautiana, kwa kuwa kila mchoraji huchagua cha kuhesabu: tornado zote, zile kali tu, au siku zenye tornado. Ukihesabu zote kwa eneo, Florida hupanda juu, ingawa nyingi za huko ni dhaifu. Ukihesabu kali, majimbo ya Oklahoma na Kansas hung'aa, lakini hung'aa pia Alabama na Mississippi, ambazo ramani nyingi za mashuleni huziacha nje. Na ukihesabu vifo, picha husogea waziwazi kuelekea kusini-mashariki.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, na panastahili kukaliwa. Kwenye nyanda za Kansas tornado huja zaidi mchana na jioni za miezi ya Aprili hadi Juni, ardhi ni tambarare, na mtu anaweza kuiona ikiwa kilomita nyingi mbali. Kusini-mashariki mambo ni tofauti. Misitu na vilima huzuia macho, mara nyingi tornado hufunikwa na mvua hata mtu asiione, dhoruba husafiri kwa kasi zaidi, na msimu hauna mwisho ulio wazi: kuna kilele cha majira ya kuchipua na kingine mwezi Novemba, huku Desemba na Januari zikiwa na maafa yake. Isitoshe, nyingi hupiga usiku, watu wakiwa wamelala na simu zimezimwa. Uchunguzi wa kumbukumbu za Marekani umeonyesha kwamba tornado ya usiku ina uwezekano wa kuua unaokaribia mara mbili na nusu ya ile ya mchana.

Jambo la pili ni makazi. Takriban Wamarekani 6 kati ya kila 100 huishi katika nyumba za kuhamishika, zile zinazotengenezwa kiwandani, kukokotwa hadi kiwanjani na kusimamishwa juu ya nguzo fupi badala ya msingi. Katika majimbo ya kusini-mashariki uwiano huo ni mkubwa zaidi, na nyumba hizo zimetawanyika vijijini, mbali na majengo imara. Karibu nusu ya watu wanaouawa na tornado wakiwa majumbani huwa katika nyumba za aina hiyo. Tornado ambayo ingeng'oa bati na kuvunja madirisha ya nyumba ya matofali huipindua nyumba ya kuhamishika ikiwa na watu wote ndani. Kwa hiyo tornado mbili zenye nguvu sawa, moja ikipiga shamba la ngano la Kansas saa kumi na moja jioni, nyingine ikipiga kijiji cha Alabama saa nane za usiku, si hatari mbili zinazolingana, hata kama ramani imezipa nukta za rangi moja.

Tarehe 27 Aprili 2011 iliyathibitisha haya kwa gharama kubwa. Siku hiyo tornado nyingi zilipiga kusini-mashariki na kuua watu zaidi ya 300, wengi wao katika jimbo la Alabama, mji wa Tuscaloosa ukiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, wakati ambao wengi hudhani msimu umekwisha, tornado moja ilisafiri zaidi ya kilomita 260 na kuubomoa mji wa Mayfield katika jimbo la Kentucky. Na ile iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya Marekani, ya tarehe 18 Machi 1925, haikupita Kansas wala Oklahoma. Ilianzia Missouri, ikavuka mto Mississippi, ikapita Illinois na kuishia Indiana, na watu 695 wakafa.

Watafiti wameona pia kwamba mazingira yanayozaa tornado yamekuwa yakisogea: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, dalili zimepungua katika sehemu za Texas na Oklahoma na kuongezeka Mississippi, Alabama, Arkansas na Tennessee. Ni vyema kulipokea hilo kwa uangalifu. Nyanda za kati bado hupigwa sana, na idadi ya tornado zote zinazorekodiwa imeongezeka tangu miaka ya 1950 kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya rada, kamera na watu wengi zaidi wa kutoa taarifa. Tornado dhaifu iliyopita porini mwaka 1955 haikuandikwa popote. Ya leo hurekodiwa na simu tano.

Kuna upotofu mwingine wa kumbukumbu ambao si wengi wanaoujua. Daraja la tornado, kwa kipimo alichobuni Tetsuya Fujita mwaka 1971 na kikaboreshwa mwaka 2007, halitokani na kupima upepo wenyewe. Wakaguzi hupita baada ya tukio, hutazama majengo na miti iliyoharibiwa, kisha hukadiria kasi iliyohitajika kufanya uharibifu ule. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, ilitokea tornado yenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko yoyote iliyowahi kupimwa, na rada za magari zilinasa ndani yake upepo wa kasi inayokaribia kilomita 480 kwa saa. Iliwaua watafiti wa dhoruba waliobobea katika kazi hiyo, akiwemo Tim Samaras. Hata hivyo, kwa kuwa ilipita zaidi mashambani ambako hapakuwa na majengo mengi ya kubomoa, iliandikwa kuwa ya daraja la tatu tu, kwenye kipimo kinachoanzia sifuri hadi tano. Kwa maana hiyo, ramani ya tornado kali kwa sehemu fulani ni ramani ya mahali palipojengwa.

Nje ya Marekani, tornado zimerekodiwa katika kila bara isipokuwa Antaktika. Iliyoua watu wengi zaidi duniani ilipiga Bangladesh, katika maeneo ya Daulatpur na Saturia, tarehe 26 Aprili 1989, na makadirio ya vifo ni takriban 1,300. Mapishi ni yale yale: unyevu wa Ghuba ya Bengal chini, hewa kavu kutoka nyanda za India juu, katika wiki zinazotangulia msimu wa masika ya pepo za kusi. Kilichozidi ni msongamano wa watu na nyumba za bati na mianzi zisizoweza kuhimili lolote. Kusini mwa Brazili na mashariki mwa Argentina, milima ya Andes hufanya kazi ya Rocky. Mji wa San Justo nchini Argentina uliangamizwa kwa sehemu kubwa tarehe 10 Januari 1973. Nchini Afrika Kusini, tarehe 15 Desemba 1998, tornado ilipiga mji wa Mthatha wakati Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa, na walinzi wake wakamlaza sakafuni na kumfunika kwa miili yao. Mwezi uliofuata nyingine iliangamiza vijiji vya Mount Ayliff.

Uingereza ni mfano mzuri wa namna hesabu inavyoweza kudanganya. Ukigawanya idadi ya tornado kwa eneo, nchi hiyo ndogo hulingana na Marekani nzima au hata kuipita, na wapo wanaolitaja jambo hilo kana kwamba London ina hatari sawa na Oklahoma City. Karibu zote ni dhaifu na za muda mfupi. Katika Marekani kwenyewe, tornado za madaraja mawili ya juu hazifiki 2 kati ya kila 100, lakini zinabeba sehemu kubwa ya vifo. Maeneo yaliyo karibu na Ikweta, kwa upande mwingine, yana joto na unyevu tele, lakini pepo za juu ni dhaifu na hazitofautiani sana na za chini. Dhoruba za radi ni nyingi mno, tornado kali ni adimu, na kinachoonekana mara kwa mara ni nguzo za maji juu ya bahari na maziwa.

Turudi kwenye kinga za kufikirika. Mto hauzuii chochote: tarehe 7 Mei 1840 tornado iliufuata mto Mississippi wenyewe hadi Natchez na kuua watu 317, wengi wao wakiwa kwenye mashua. Milima nayo imeshindwa, si Topeka peke yake. Mount Ayliff ni nchi ya milima, na tarehe 21 Julai 1987 tornado kali ilipita katika misitu ya Yellowstone kwenye mwinuko unaofikia mita 3,000, ikavuka mgongo wa bara, yaani mstari wa vilele unaotenganisha mito ya mashariki na ya magharibi. Majengo marefu ya katikati ya miji hayana uwezo wa kuvuruga wingu la radi lenye kimo cha kilomita kumi na zaidi. Miji mikubwa hupigwa mara chache kwa sababu vitovu vyake ni vidogo sana vikilinganishwa na eneo lililobaki. Katikati ya Nashville ilipigwa mwaka 1998, Fort Worth mwaka 2000, Atlanta mwaka 2008. Katika St. Louis, tornado ya mwaka 1896 iliua zaidi ya watu 250, na nyingine ikarudi mwaka 1927.

Kurudi kwake kunaondoa pia faraja ya kwamba pigo haliji mara mbili. Kijiji cha Codell, Kansas, kilipigwa tarehe 20 Mei 1916, kikapigwa tena tarehe hiyo hiyo mwaka 1917, na mara ya tatu tarehe hiyo hiyo mwaka 1918. Hakuna siri yoyote katika tarehe hiyo. Ni bahati nasibu tu, ya aina ambayo lazima itokee mahali fulani ikiwa miaka na vijiji ni vingi vya kutosha. Wingu halina kumbukumbu ya mahali lilipokwisha kupita.

Dhana zinazohusu kujikinga ni hatari zaidi, kwa sababu hufanyiwa kazi katika dakika zile chache. Kwa muda mrefu watu walifundishwa kufungua madirisha ili shinikizo la hewa lilingane na nyumba isipasuke. Nyumba haipasuki kwa shinikizo. Huvuja hewa kwa kila upenyo, na kinachoibomoa ni upepo na vitu vinavyorushwa nao, kwa hiyo kufungua dirisha ni kuukaribisha ndani na kupoteza muda. Walifundishwa pia kukimbilia pembe ya kusini-magharibi, kwa kuwa tornado nyingi hutoka huko na vifusi vingeangukia upande wa pili. Baada ya maafa ya Topeka, Joe Eagleman wa Chuo Kikuu cha Kansas alikagua nyumba zilizoharibiwa na kukuta kinyume chake: upande unaokabili ujio wa tornado ndio uliokuwa hatari zaidi. Ushauri wa sasa ni chumba kidogo cha ndani, ghorofa ya chini kabisa, mbali na madirisha.

Halafu kuna madaraja ya barabara kuu. Mwaka 1991 wapiga picha wa televisheni walijirekodi wakijificha chini ya daraja huko Kansas na kutoka salama. Video hiyo ilirushwa kila mahali. Kilichosahaulika ni kwamba tornado ile ilikuwa dhaifu na haikupita moja kwa moja juu yao. Tarehe 3 Mei 1999, huko Oklahoma, watu waliokumbuka picha zile walipanda chini ya madaraja matatu tofauti, na katika kila moja akafa mtu. Uwazi mwembamba chini ya daraja huubana upepo na kuuongezea kasi, na anayepanda juu ya mteremko wake huondoka karibu na ardhi, ambako upepo ni mpole kidogo.

Mji wa Moore, Oklahoma, ulipigwa vikali siku hiyo ya 1999, ukapigwa tena mwaka 2003, na tena tarehe 20 Mei 2013. Mwaka 2014 baraza la mji lilipitisha kanuni za ujenzi zinazotaka nyumba mpya zihimili upepo wa takriban kilomita 217 kwa saa. Kiwango hicho ni cha chini kuliko kasi ya tornado zilizoufanya mji huo ujulikane, na kwa mtazamo wa haraka kinaonekana kama mzaha. Lakini hata tornado ya daraja la juu kabisa huwa na upepo wa kasi hiyo ya kutisha katika ukanda mwembamba tu wa njia yake. Nyumba nyingi zinazobomoka ziko pembeni, ambako upepo ni wa kawaida zaidi, na nyingi huanza kubomoka kwenye mlango wa gereji, ukishaingia ndani upepo huinua paa kutoka chini. Kanuni za Moore, kwa hiyo, zinazungumzia milango ya gereji iliyoimarishwa, na vibanio vya chuma vinavyofunga paa kwenye kuta.